Kuomba ruzuku za wakfu kwa ujumuishwaji wa watu wenye ulemavu na ustawi wa wanyama: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa vikundi na mashirika madogo yanayoandika yenyewe maandiko yao ya kuomba ruzuku, bila mtaalamu wa kulipwa. Pale jibu linapogusa swali jingine, tumeelekeza huko badala ya kurudia.

## Mambo ya msingi

Wakfu ni nini, na unatofautianaje na wafadhili wengine?

Wakfu ni chombo kilichowekewa mali au fedha kwa ajili ya kazi za hisani, nacho hutoa sehemu ya fedha hizo kwa wanaozifanya kazi hizo. Serikali hugawa fedha za walipa kodi kwa taratibu ndefu. Wakfu hugawa fedha za familia, kampuni au wachangiaji wengi, na bodi yake ina uhuru mkubwa wa kuamua. Ndiyo maana wakfu unaweza kukubali wazo geni ambalo wizara isingeligusa, na ndiyo maana pia unaweza kuachana na mada nzima bodi ikibadilika.

Nchini Marekani, sheria inazitaka wakfu binafsi kutoa takriban 5% ya thamani ya mali zao za uwekezaji kila mwaka. Kwa hiyo fedha hizo lazima zipate pa kwenda, na ofisa wa ruzuku anatafuta kazi nzuri kama nyinyi mnavyotafuta fedha. Mwandikieni kama watu wenye jambo la kumpa, si kama watu waliopiga magoti.

Ruzuku hurudishwa?

Hapana, si mkopo. Ila fedha zilizotumika nje ya mkataba hudaiwa, na zilizobaki zina utaratibu wake (tazama swali la fedha zilizobaki, karibu na mwisho).

Mtu mmoja anaweza kuomba kwa jina lake?

Mara chache sana. Wakfu nyingi hutoa kwa mashirika yenye usajili, bodi na akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja. Mtu anayehitaji kiti mwendo, au matibabu ya mnyama wake, atafika haraka zaidi akienda kwa shirika linalotoa huduma hiyo.

Kikundi chetu hakijasajiliwa. Tusubiri?

Msisubiri. Tafuteni shirika mwenyeji: shirika lililosajiliwa ambalo hupokea fedha kwa niaba yenu, huziingiza kwenye hesabu zake na kuwajibika kwa mfadhili, huku kazi mkiifanya nyinyi. Wafadhili wengi wanaukubali mpango huu mradi uelezwe wazi tangu mwanzo.

Lakini wekeni makubaliano kwenye maandishi kabla ya kutuma ombi. Nani anaidhinisha matumizi? Shirika mwenyeji litakata asilimia ngapi? Vifaa vikinunuliwa vitakuwa mali ya nani? Nani anazungumza na mfadhili? Vikundi vya watu wenye ulemavu vimewahi kugeuzwa pambo kwenye andiko la shirika kubwa, jina lao likaleta fedha na wao wasizione. Karatasi yenye saini za pande zote mbili ndiyo kinga yenu.

Kwa nini ulemavu na wanyama vinajibiwa kwenye ukurasa mmoja?

Kwa sababu yapo mashirika yanayogusa yote mawili: yanayofundisha mbwa wa kuwaongoza wasioona, yanayofanya kazi na wafugaji wenye ulemavu, yanayotunza punda ambao ndio usafiri wa mtu asiyeweza kutembea mbali, yanayochanja mbwa dhidi ya kichaa cha mbwa na kutaka kila kaya ifikiwe.

Hata hivyo, ni kazi mbili zenye misingi tofauti. Msingi wa ujumuishwaji ni haki za binadamu. Msingi wa ustawi wa wanyama ni wajibu wetu kwa viumbe vinavyohisi maumivu. Watu wenye ulemavu wamefananishwa na wanyama kwa matusi kwa muda mrefu mno, kwa hiyo andiko lisiwaweke pamoja chini ya kichwa kimoja cha “wanyonge” au “wasio na sauti”. Watu wenye ulemavu wana sauti, na baadhi yao ndio watakaolisoma andiko lenu kwenye kamati ya mfadhili.

## Kumpata mfadhili

Tuanzie wapi kutafuta?

Anzeni na fedha zilizokwisha kutolewa. Maneno ya kwenye tovuti ya wakfu huonyesha nia, lakini orodha ya waliopewa huonyesha tabia.

Kwa wakfu binafsi za Marekani, orodha hiyo iko wazi kwa umma. Kila mwaka hujaza fomu ya kodi iitwayo 990-PF, na unaweza kuisoma bure kwenye tovuti ya Nonprofit Explorer ya ProPublica. Ifungueni, mtafute sehemu ya ruzuku zilizolipwa: mtaona jina la kila mpokeaji, lengo la ruzuku na kiasi. Humo humo kuna kisanduku kidogo ambacho wengi hukipita. Kikiwekewa alama, maana yake wakfu huo hutoa kwa mashirika uliyoyachagua wenyewe na haupokei maombi yasiyoalikwa. Kukitazama kisanduku hicho kwanza kunaokoa wiki nzima ya kuandika bure.

Kwa Uingereza tumieni GrantNav, tovuti ya 360Giving ya kutafuta ruzuku zilizotolewa, pamoja na daftari la mashirika ya hisani. Candid, shirika la Marekani linalokusanya taarifa za wafadhili, lina hazina kubwa zaidi, ingawa sehemu yake nzuri ni ya kulipia.

Mkisha kupata majina, tazameni mambo matatu kwa kila wakfu: umewahi kutoa nje ya nchi yake, umewahi kutoa kwa shirika la ukubwa wenu, na kiasi cha kawaida ni kipi. Wakfu ambao ruzuku zake zote ni kubwa kuliko bajeti yenu ya mwaka mzima haukufai kwa sasa, hata kama mada inalingana neno kwa neno.

Nani hasa hufadhili kazi za ulemavu?

Disability Rights Fund, ulioanza mwaka 2008, hutoa kwa mashirika yanayoongozwa na watu wenye ulemavu katika nchi ulizochagua, na wanaharakati wenye ulemavu hushiriki kuamua nani apewe. Abilis, wakfu wa Finland ulioanzishwa na watu wenye ulemavu mwaka 1998, hutoa ruzuku ndogo kwa mashirika ya aina hiyo hiyo katika nchi zinazoendelea. Wakfu wa Ford nao umo. Mwaka 2016 rais wake wa wakati ule, Darren Walker, alikiri hadharani kwamba mkakati wao dhidi ya ukosefu wa usawa ulikuwa umewaacha nje watu wenye ulemavu, na tangu hapo mada hii imepata nafasi. Disability Inclusion Fund ya Borealis Philanthropy, kwa upande wake, ni ya mashirika ya Marekani tu.

Msiishie kwa wenye neno “ulemavu” kwenye jina. Wakfu zinazofadhili elimu, afya, kilimo au haki za wanawake zinaweza kugharimia ujumuishwaji ndani ya mada zao, na huko ushindani wa maandiko mazuri ya ulemavu ni mdogo.

Na ustawi wa wanyama?

Inategemea mnyama. Kwa wanyama wanaofugwa kwa chakula, kuna Movement Grants za Animal Charity Evaluators, EA Animal Welfare Fund, na Coefficient Giving (iliyoitwa Open Philanthropy hadi 2025). Kwa mbwa na paka, Battersea na Dogs Trust Worldwide hushirikiana na mashirika ya nchi mbalimbali, ilhali PetSmart Charities hubaki Marekani na Kanada. Kwa punda na farasi wa kazi, Brooke, ambayo mizizi yake ni hospitali ya farasi iliyofunguliwa Cairo mwaka 1934, na The Donkey Sanctuary hufanya kazi nyingi kupitia washirika. Huko mlango huwa ni ushirikiano kabla ya kuwa ruzuku.

Vigezo na nchi hubadilika. Someni masharti ya mwaka huu, si ya mwaka jana.

Kuna mfadhili wa vyote viwili kwa pamoja?

Wachache, na wengi wao wamelenga mbwa wa msaada au tiba kwa kutumia farasi. Kwa kazi nyingine, njia ya kweli ni kuigawa bajeti: mfadhili wa wanyama agharimie chanjo na daktari wa mifugo, mfadhili wa ulemavu agharimie ufikivu na uongozi wa watu wenye ulemavu. Kila mmoja aonyeshwe sehemu ya mwenzake (tazama swali la kuomba sehemu mbili).

Tovuti inasema haipokei maombi yasiyoalikwa. Tuache?

Acheni kutuma andiko, msiache kujulikana. Mashirika ambayo wakfu huo tayari unayafadhili yanaweza kuwatambulisha, na barua fupi ya kueleza kazi yenu, isiyoomba chochote, haimuudhi mtu. Ikipita kimya, geukieni kwingine.

Tumepokea barua pepe kwamba tumeshinda ruzuku na tulipie ada ya kuifungua.

Ni utapeli. Wakfu wa kweli hautozi ada ili utoe ruzuku, na ni nadra sana kumpa asiyeomba wala kualikwa. Msibofye kiungo na msitume namba za akaunti.

## Kuandika andiko

Barua ya kuonyesha nia inatofautianaje na andiko kamili?

Barua ya nia ni ya ukurasa mmoja hadi mitatu: nyinyi ni nani, tatizo ni lipi, mtafanya nini, mnahitaji kiasi gani, na kwa nini mmemwandikia mfadhili huyu na si mwingine. Andiko kamili huja mkialikwa. Sentensi yenu ya kwanza iseme mnachofanya. Historia ya shirika inaweza kungoja.

Tuelezeje ukubwa wa tatizo la ulemavu bila takwimu za eneo letu?

Takwimu ya dunia ipo: ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2022 inakadiria watu bilioni 1.3, yaani takriban mmoja kati ya sita, wana ulemavu wa kiwango kikubwa. Inafaa kwa sentensi moja, si zaidi, kwa sababu mfadhili ameshaisoma mara nyingi.

Chenye uzito ni hesabu yenu wenyewe, hata ikiwa ndogo. Tumieni maswali mafupi sita ya Washington Group, kundi la Umoja wa Mataifa la takwimu za ulemavu, yanayouliza ugumu wa kuona, kusikia, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kuzingatia, kujihudumia, na kuwasiliana. Kila swali lina majibu manne, kuanzia “hakuna ugumu” hadi “siwezi kabisa”, na anayejibu “ugumu mkubwa” au zaidi walau mara moja huhesabiwa. Msiongeze swali la “je, una ulemavu?” juu yake, kwa kuwa wengi hujibu hapana kwa kuogopa kunyanyapaliwa na hesabu yenu itapungua. Muyajue na mipaka yake pia: maswali haya sita hayawanasi vizuri watu wenye ulemavu wa kisaikolojia, na kwa watoto kuna seti nyingine iliyotengenezwa pamoja na UNICEF.

Fomu inauliza watu wenye ulemavu wameshiriki vipi. Tuandike nini?

Andikeni kilichotokea. Hili ndilo swali linaloamua maombi mengi, na halijibiki usiku wa kuamkia tarehe ya mwisho.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa tarehe 13 Desemba 2006, unadai kwenye ibara ya 4 kwamba washirikishwe kupitia mashirika yao katika maamuzi yanayowahusu. Ofisa anayesoma fomu yenu anaujua mkataba huo, kwa hiyo “tulifanya mkutano wa uhamasishaji” hakutamtosha. Atataka kujua nani alichagua tatizo, ni wangapi kwenye bodi wana ulemavu, nani analipwa mshahara na nani anaalikwa tu kupiga picha, na ni jambo gani kwenye mpango lilibadilika kwa sababu wao walikataa toleo la kwanza. Likiwepo jibu la hilo la mwisho, liwekeni juu kabisa. Lisipokuwepo, rudini kwa watu kabla ya kuandika.

Ustawi wa wanyama unapimwaje? Tumezoea kuhesabu wanyama waliotibiwa tu.

Idadi ya waliotibiwa inaonyesha mmefanya kazi. Haionyeshi kama wanyama wana hali bora. Msingi unaojulikana na wote ni uhuru wa aina tano, uliowekwa Uingereza mwaka 1979: kutokuwa na njaa na kiu, kutosumbuliwa na mazingira, kutokuwa na maumivu, majeraha au ugonjwa, kuweza kuishi kwa tabia ya asili, na kutoishi kwa hofu. Wafadhili wengi sasa wanapendelea mfumo wa nyanja tano, wa mwaka 1994, ambao huuliza pia kama mnyama ana hali njema, si tu kama hateseki.

Chagueni vipimo vichache mnavyoweza kuvirudia kwa uaminifu. Kwa punda wa mizigo, kwa mfano: majeraha ya mahali tandiko linapokaa, kuchechemea, na unene wa mwili. Unene hupimwa kwa mkono. Unapapasa mbavu, uti wa mgongo na nyonga, unasikia nyama iliyofunika mfupa ni kiasi gani, kisha unatoa alama. Macho peke yake hudanganywa na manyoya marefu. Mfugaji asiyeona aliyefundishwa anaweza kukifanya kipimo hiki sawasawa na mwingine yeyote, na tungependa kuona miradi zaidi ikimlipa kwa kazi hiyo.

Tutumie picha gani?

Picha ambazo mwenyewe ameziona, ameelezwa zitakapokwenda, na amekubali kwa njia ya mawasiliano anayoielewa. Mtu aonyeshwe akifanya jambo. Picha za kutia huruma, za mtu au za mnyama aliyejeruhiwa, wafadhili makini wameanza kuzikataa, na wana haki.

## Bajeti

Gharama za ufikivu ziwekwe wapi?

Kwenye mistari yake yenyewe, yenye majina. Ukiandika “gharama nyinginezo”, ndiyo ya kwanza kukatwa. Miongozo ya kazi za kibinadamu hupendekeza 0.5–1% ya bajeti kwa ufikivu wa majengo na 3–4% kwa vifaa maalumu na vya kutembelea. Chukueni hizo kama sakafu, kisha mhesabu mahitaji halisi.

Mfano ni ukalimani wa lugha ya alama. Mkutano wa siku nzima unahitaji wakalimani wawili wanaopokezana kila baada ya dakika 20 hadi 30, kwani akili huchoka na makosa huongezeka. Anayeweka mkalimani mmoja atakuwa na washiriki viziwi wanaopata nusu ya mkutano. Ongezeni nauli ya msaidizi wa mshiriki, nakala za nukta nundu, na siku za ziada za kuandaa nyaraka mapema.

Tunaweza kuomba kodi ya ofisi na mishahara?

Ndiyo, na mwombe. Wakfu nyingi huweka kikomo cha asilimia kwa gharama za uendeshaji; kitumieni chote. Shirika linaloficha kodi ya ofisi ndani ya “mafunzo” litaumbuka kwenye ukaguzi.

Bajeti ya mbwa wa msaada inahitaji nini kinachosahaulika?

Maisha ya mbwa baada ya mafunzo. Wengi huandika ununuzi na mafunzo, wakaishia siku mbwa anapokabidhiwa. Mfadhili anayejua atauliza chakula na matibabu analipa nani, mwenye mbwa atatembelewa mara ngapi, mbwa asiyefaulu mafunzo ataishi wapi, na akizeeka atatunzwa na nani. Viwango vya Assistance Dogs International na vya International Guide Dog Federation vitawasaidia kujibu hata kama bado hamjathibitishwa nao.

## Mambo tata

Mradi wetu ni wa wanyama. Tukiongeza “na watu wenye ulemavu” tutapata pointi?

Kwa neno tupu, hapana. Kwa kazi, huenda ndiyo.

Chukueni kampeni ya kuchanja mbwa. Lengo linalokubalika ni kuchanja walau 70% ya mbwa ili maambukizi yakatike, na karibu visa vyote vya binadamu vya kichaa cha mbwa hutokana na kuumwa na mbwa. Kituo kinatangazwa kwa kipaza sauti, kiko uwanjani, na mwenye mbwa anatakiwa amvute kwa kamba hadi hapo. Kiziwi hakusikia tangazo. Anayetumia kiti mwendo hawezi kuvuka mchanga huku ameshika mbwa mwenye nguvu. Mbwa wao wanabaki bila chanjo, nao wenyewe wakiumwa watapata shida zaidi kufika kliniki. Matangazo ya maandishi na picha, pamoja na siku moja ya kupita nyumba kwa nyumba, huinua idadi ya mbwa waliochanjwa na papo hapo huondoa ubaguzi. Andiko la namna hiyo humridhisha mfadhili wa wanyama bila kumlazimisha kujifunza mada mpya.

Kwenye tiba kwa kutumia farasi, mfadhili wa wanyama anauliza farasi ananufaikaje. Tujibuje?

Kwa heshima, maana ni swali halali. Elezeni saa za kazi kwa siku, uzito wa mpandaji anaoruhusiwa kubeba, muda wa malishoni na wenzake, dalili za uchovu ambazo waangalizi wamefundishwa kuzitambua, na nani ana mamlaka ya kumtoa kazini siku hiyo hiyo. Kama hayupo mwenye mamlaka hayo, mteueni mtu kabla ya kutuma ombi.

Fomu ya mtandaoni haisomeki kwa programu ya kusoma skrini.

Waandikieni mara moja, mapema iwezekanavyo, mkieleza ukurasa na sehemu inayokwama, na ombeni fomu ya Word au muda wa ziada. Mfadhili anayejitangaza kwa ujumuishwaji ana wajibu wa kurekebisha. Wekeni nakala ya mawasiliano. Na PDF zenu zisiwe picha zilizoskaniwa, kwani msomaji asiyeona upande wa pili hataambulia kitu.

Tunaweza kuomba kazi moja kwa wafadhili wawili?

Mnaweza, mkisema wazi. Fanyeni jedwali moja lenye safu ya kila mfadhili na mlitume kwa wote wawili. Kosa ni kulipiwa risiti moja mara mbili, na hilo huua jina la shirika.

Mfadhili wa Marekani anadai nyaraka nyingi kuliko fedha zenyewe. Ni kawaida?

Ni sheria ya kodi ya kwao. Akitoa nje ya nchi, lazima athibitishe kwamba nyinyi ni sawa na shirika la hisani la Marekani, au achukue dhima ya kufuatilia matumizi: uchunguzi wa awali, mkataba wa maandishi, fedha kuwekewa hesabu ya pekee na taarifa za kila mwaka. Katiba, orodha ya bodi na hesabu zilizokaguliwa zikiwa kwenye jalada moja tangu mwanzo, kazi hupungua sana.

Tumekataliwa. Tuandike tena?

Shukuruni kwa sentensi mbili, ulizeni kama wanatoa maoni, na mtazame kalenda yao. Wengine huruhusu kuomba tena baada ya mwaka. Msibishane na uamuzi.

Mtoaji anayetaka kutupa fedha anamiliki biashara ya kuku wa vizimba. Tukubali?

Amueni kwenye bodi kabla ofa haijaja, kwa sera iliyoandikwa. Kwa shirika la wanyama, maoni yetu ni kukataa kama sharti lolote, hata la mdomo, linawafunga msiseme juu ya vizimba.

Fedha zimebaki, au mpango umebadilika katikati.

Andikeni kwa ofisa wenu kabla ya kutumia, si baada. Semeni kiasi kilichobaki, sababu yake, na pendekezo moja: kuongeza muda, kuhamishia mstari mwingine, au kurudisha. Kuhamisha kiasi kidogo kati ya mistari mara nyingi huruhusiwa bila idhini, na kikomo chake kimo kwenye mkataba. Jibu likija kwa simu, ombeni lithibitishwe kwa barua pepe na mliweke kwenye jalada la ruzuku hiyo.